Gaspard-Gustave Coriolis, mhandisi wa mashini ambaye jina lake lilibaki baharini

Wanafunzi wa sekondari waliosoma fizikia wanalifahamu jina la Coriolis. Mwalimu hulitaja anapoeleza kwa nini vimbunga huzunguka, kwa nini mikondo ya bahari hupinda, na kwa nini maduara makubwa ya maji, yenye upana wa kilomita mia na zaidi, husafiri baharini kwa miezi mingi bila kuvunjika. Lakini Mfaransa huyo, aliyefariki mwaka wa 1843, hakuchunguza bahari wala upepo. Alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, kisha mwalimu. Hesabu iliyompa sifa aliifanya kwa ajili ya mashini zinazozungushwa na maji.

Haya hapa maisha yake, na safari ya hesabu hiyo kutoka kwenye gurudumu la maji hadi kwenye bahari kuu.

Mtoto wa mwaka wa mapinduzi

Gaspard-Gustave Coriolis alizaliwa Paris tarehe 21 mwezi wa tano 1792. Ufaransa ilikuwa katikati ya mapinduzi. Hata miezi mitatu haikutimia tangu azaliwe, mfalme Louis wa 16 aliangushwa.

Kwa jamaa ya Coriolis hilo lilikuwa jambo zito. Baba yake, Jean-Baptiste-Elzéar Coriolis, alikuwa afisa wa jeshi la mfalme. Miaka michache kabla alikuwa amepigana Amerika, katika kikosi cha Ufaransa chini ya jemadari Rochambeau, wakati Wamarekani walipokuwa wakitafuta uhuru kutoka kwa Uingereza. Mfalme alipoanguka, afisa wake hakuwa tena na usalama mjini Paris. Jamaa ilihamia Nancy, mji wa mashariki mwa Ufaransa, na baba akaacha bunduki akaanza shughuli za kiwanda. Gustave alikulia huko, akasoma huko.

Mwaka wa 1808, akiwa na miaka 16, alifanya mtihani wa kuingia École Polytechnique ya Paris. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1794 ili kuipatia nchi wahandisi na maafisa wenye ujuzi, na mtihani wake uliogopwa na vijana wa nchi nzima. Coriolis alishika nafasi ya pili kati ya wote waliokubaliwa mwaka huo. Kutoka hapo aliendelea na masomo katika École des Ponts et Chaussées, shule ya wahandisi wa barabara na madaraja, kisha serikali ikamtuma kazini katika eneo la Meurthe na milima ya Vosges.

Angeweza kuendelea hivyo maisha yake yote, kama wahandisi wengi wa wakati wake. Mambo mawili yalimzuia. Baba yake alifariki, na mzigo wa jamaa ukamwangukia yeye. Tena mwili wake ulikuwa dhaifu. Ugonjwa ulimfuata tangu ujana hadi siku ya mwisho. Mwaka wa 1816, mwanahesabu mashuhuri Augustin-Louis Cauchy alimpendekeza kwa nafasi ya mwalimu msaidizi wa hesabu katika École Polytechnique. Coriolis alikubali. Alikuwa na miaka 24, na kuanzia hapo kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha.

Mtu aliyelipa neno kazi maana ya hesabu

Ufaransa ya siku zile ilikuwa ikijaa mashini. Magurudumu ya maji yalisaga ngano, yalipasua mbao na kupiga chuma. Mashini za mvuke zilikuwa zikiingia viwandani. Mwenye kiwanda alitaka kujua kitu kimoja: mashini hii inanipa faida gani kuliko ile? Wahandisi walikuwa na njia nyingi za kupima, na kila mmoja alitumia maneno yake.

Mwaka wa 1829 Coriolis alitoa kitabu chake cha kwanza, Du calcul de l'effet des machines, yaani juu ya kuhesabu yale ambayo mashini inatenda. Humo alichukua neno la kawaida la Kifaransa, travail, ambalo kila mtu alilitumia kusema kazi ya mikono, akalipa maana ya hesabu: nguvu inayotumika kuzidisha na umbali ambao kitu kimesukumwa au kuinuliwa. Kuinua mfuko wa kilo 50 kwa mita mbili ni kazi sawa na kuinua kilo 100 kwa mita moja, iwe inafanywa na mtu, farasi, maji au mvuke. Mwanahesabu mwingine, Jean-Victor Poncelet, naye alilitumia neno hilo kwa maana hiyo hiyo katika miaka ile ile, na likakubaliwa kila mahali.

Katika kitabu hicho Coriolis alirekebisha pia hesabu ya nguvu iliyo ndani ya kitu kinachotembea. Wataalamu wa zamani walizidisha uzito wa kitu na mwendo wake mara mwendo wake, wakaishia hapo. Yeye aligawanya jibu kwa mbili. Kwa njia hiyo, kazi iliyotumika kukipa kitu mwendo ikawa sawa kabisa na nguvu iliyoingia ndani yake, bila kubaki wala kupungua. Ile nusu ambayo wanafunzi wetu wanaiandika leo mbele ya hesabu ya energie cinétique ilitoka kwake.

Mwaka huo huo wa 1829 alichaguliwa kuwa profesa wa mekanika katika shule mpya, École Centrale des Arts et Manufactures. Mwaka uliofuata Paris iliona mapinduzi mengine, na Cauchy, aliyekuwa mtu wa mfalme, akaikimbia nchi. École Polytechnique ilimwomba Coriolis achukue nafasi ya Cauchy. Alikataa. Hakutaka kuongeza masaa ya kufundisha, maana alihitaji muda wa uchunguzi wake.

Kuanzia mwaka wa 1832 alifundisha pamoja na Claude-Louis Navier katika shule ya barabara na madaraja. Navier ndiye aliyetoa hesabu za mwendo wa maji zinazotumiwa hadi leo. Alipofariki mwaka wa 1836, Coriolis alirithi kiti chake cha uprofesa, akachaguliwa pia kuingia Akademia ya Sayansi ya Paris.

Gurudumu la mwaka wa 1835

Hesabu iliyobeba jina lake ilitoka mwaka wa 1835, katika jarida la École Polytechnique. Swali lake lilikuwa la kiwanda. Chukua gurudumu linalosukumwa na maji. Maji yanaingia, yanateleza juu ya mabapa ya gurudumu, na wakati huo huo gurudumu lenyewe linazunguka. Mtu aliyesimama pembeni anaona maji yakienda kwa njia moja. Kama mtu angeweza kukaa juu ya gurudumu na kuzunguka nalo, angeyaona yakienda kwa njia nyingine kabisa. Mhandisi anayetaka kutengeneza bapa zuri anahitaji kujua hiyo njia ya pili.

Coriolis alionyesha kwamba mtu anayefanya hesabu akiwa juu ya kitu kinachozunguka lazima aongeze nguvu mbili. Ya kwanza ilijulikana zamani: ile inayokisukuma kitu kwenda nje, kama abiria anavyosukumwa upande gari linapokata kona kwa kasi. Ya pili ndiyo Coriolis aliyoipa sura yake kamili. Inatokea tu kama kitu kinatembea juu ya gurudumu. Haikiongezei mwendo wala haikipunguzii. Inakisukuma kwa upande tu, na kadiri kitu kinavyokwenda mbio, ndivyo inavyokisukuma zaidi.

Katika andiko lile hakuna habari ya bahari. Hakuna habari ya upepo, wala ya dunia kuzunguka. Ni mashini tu. Tena mwaka huo huo Coriolis alitoa kitabu kingine juu ya mchezo wa biliadi, akieleza kwa hesabu namna mpira unavyozunguka na kupinda mezani baada ya kupigwa kwa fimbo. Macho yake yalikuwa juu ya vitu vinavyozunguka, lakini vyote vilikuwa vitu ambavyo mtu anaweza kuvigusa.

Dunia nayo ni gurudumu

Kilichokuja kuonekana baadaye ni kwamba sisi wote tunaishi juu ya gurudumu kubwa kuliko yote.

Dunia inajizungusha mara moja kwa siku. Mtu aliye kwenye mstari wa ikweta anabebwa kwenda mashariki kwa mwendo wa kilomita karibu 1,670 kwa saa. Mtu aliye mbali kaskazini, kwa mfano Oslo, anabebwa kwa nusu ya mwendo huo, kwa sababu duara analolizunguka kule ni dogo. Aliye kwenye ncha ya dunia anageuka tu palepale. Sasa fikiri maji yanayotoka ikweta kwenda kaskazini. Yanaondoka na ile kasi kubwa ya kwenda mashariki, yanafika mahali ambapo ardhi inakwenda polepole. Yanaitangulia ardhi, na kwa mtu anayeyatazama yanaonekana yamepinda kuelekea kulia.

Kanuni ni hii: katika nusu ya kaskazini ya dunia, kila kinachosafiri kinasukumwa kuelekea kulia kwake, kiwe kinakwenda upande gani. Katika nusu ya kusini kinasukumwa kuelekea kushoto. Penye ikweta yenyewe msukumo huo wa upande unakuwa sifuri, na unaongezeka kadiri unavyokwenda mbali na ikweta.

Msukumo huo ni mdogo sana. Kwa maji yanayotembea mita moja kwa sekunde, katikati ya ikweta na ncha ya dunia, ni kama sehemu moja kwa laki moja ya ile nguvu inayotuvuta chini. Mtu anayetembea barabarani hawezi kuuhisi. Ili uonekane unahitaji muda, masaa mengi au siku, na unahitaji nafasi kubwa. Bahari ina vyote viwili.

Mkurugenzi mgonjwa

Coriolis mwenyewe hakupata muda wa kufika huko. Mwaka wa 1838 aliacha kufundisha, akawa mkurugenzi wa masomo wa École Polytechnique akimrithi Pierre Louis Dulong. Wanafunzi walimkumbuka kwa jambo dogo: alifanya viwekwe vyombo vya maji baridi ya kunywa karibu na madarasa. Wao wakavipa vyombo hivyo jina lililotokana na jina lake.

Afya yake ilizidi kushuka. Kitabu chake cha mwaka wa 1829 alikuwa akikiandika upya na kukipanua, lakini mwanzoni mwa mwaka wa 1843 ugonjwa ulimkaza zaidi. Alifariki Paris tarehe 19 mwezi wa tisa 1843, akiwa na miaka 51. Alizikwa katika makaburi ya Montparnasse. Kitabu alichokuwa akikitengeneza kilitoka mwaka uliofuata, mwenyewe akiwa hayupo.

Waliolipeleka jina lake baharini

Haki inatudai kusema kwamba Coriolis hakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1770, Pierre-Simon Laplace alikuwa tayari ameiweka sehemu hiyo ndani ya hesabu zake za maji ya bahari kujaa na kupwa. Lakini watu wachache waliielewa, na haikuwa na jina.

Mwaka wa 1851 Léon Foucault alifunga mpira wa kilo 28 kwenye waya wa mita 67 ndani ya jengo la Panthéon mjini Paris, akauacha ubembee. Watu waliokusanyika waliona mstari wa kubembea ukigeuka polepole. Mpira haukuguswa na mtu. Ardhi ndiyo iliyogeuka chini yake. Mwaka wa 1856 mwalimu wa shule Mmarekani, William Ferrel, alieleza kwamba msukumo huo huo ndio unaopindisha pepo na mikondo ya bahari. Mwaka wa 1857 Mholanzi Christophorus Buys Ballot alitoa kanuni iliyowasaidia mabaharia: katika nusu ya kaskazini, ukiupa upepo mgongo, kitovu cha dhoruba kiko upande wako wa kushoto. Katika nusu ya kusini kiko upande wa kulia. Kwa nahodha wa wakati ule, asiye na redio wala picha za setilaiti, kujua kitovu cha kimbunga kiko wapi kulimsaidia kuchagua upande wa kukimbilia.

Baadaye akaja Mnorwe Fridtjof Nansen. Kati ya 1893 na 1896 aliiacha meli yake, Fram, ishikwe na barafu ya kaskazini ili ibebwe nayo. Aliona jambo la ajabu: barafu haikufuata upepo moja kwa moja. Ilikwenda kwa pembe, nyuzi 20 hadi 40 kuelekea kulia kwa upepo. Hesabu ya jambo hilo ilifanywa na kijana Mswidi, Vagn Walfrid Ekman, ambaye maelezo yake kamili yalitoka mwaka wa 1905. Upepo unasukuma tabaka la juu la maji, tabaka hilo linapinda, linalivuta tabaka la chini yake ambalo linapinda zaidi, na kuendelea hivyo kwenda chini. Ilikuwa ile hesabu ya gurudumu, miaka 70 baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa hewa na bahari walianza kuiita kwa jina la Coriolis.

Maji ya kuzunguka yasiyomhusu Coriolis

Hapa watu wengi wanachanganya mambo. Maji yote yanayozunguka hayafuati Coriolis.

Tuanze na Norwe, karibu na mji wa Bodø. Kuna mlango wa bahari unaoitwa Saltstraumen, wenye upana wa mita karibu 150 tu. Bahari inapojaa na kupwa, maji mengi ya ghuba yanalazimika kupita katika mlango huo mwembamba, kwenda upande mmoja kwa masaa sita hivi, kisha kurudi. Yanapita kwa kasi kubwa, na pembeni mwake kuna maji yaliyotulia. Pale maji ya mbio yanapokwaruzana na maji yaliyotulia, au yanapopita nyuma ya mwamba, yanajikunja na kuanza kuzunguka. Duara moja laweza kufika upana wa mita 10. Kaskazini zaidi, kwenye visiwa vya Lofoten, kuna mkondo wa Moskstraumen, ambao tangu zamani uliwatia mabaharia wa Ulaya hofu na kuzaa hadithi za meli kumezwa nzima.

Maji hayo yanazunguka upande wowote. Duara moja linakwenda kulia, jirani yake linakwenda kushoto, na yote yanakufa baada ya dakika chache. Ni umbo la mwamba, upana wa njia na kasi ya mkondo vinavyoamua. Msukumo wa Coriolis ni dhaifu mno kuweza kusema neno lolote hapo.

Wakaaji wa Kisangani hawahitaji kwenda Norwe kuliona hilo. Maporomoko ya Boyoma yanaanza karibu na Ubundu, kusini mwa ikweta, na kuishia Kisangani, kaskazini mwake. Mto unavuka mstari huo katikati ya njia. Maji yanayojikunja nyuma ya miamba, pale wavuvi Wagenia wanapotega mitego yao ya miti, hayabadilishi desturi kwa sababu ya kuvuka ikweta. Yanafuata mwamba.

Maduara yanayomtii

Bahari kuu ni habari nyingine. Huko mikondo mikubwa inatembea kama mito isiyo na kingo. Kama mto wa bondeni unavyopinda-pinda, mkondo nao unapinda, pindo linakua, mwisho linajifunga na kukatika. Kipande kilichokatika kinaanza kuzunguka chenyewe, kikiwa na maji yake, joto lake na chumvi yake.

Mfano mzuri uko kusini mwa Afrika. Mkondo wa Agulhas unashuka kando ya pwani ya mashariki ya Afrika Kusini ukibeba maji ya moto ya Bahari ya Hindi. Unapofika ncha ya bara unageuka ghafula na kurudi mashariki. Mara kadhaa kwa mwaka, ile kona yake inajifunga na kuachilia duara la maji lenye upana wa kilomita 200 hadi 300. Duara hilo linaingia Bahari ya Atlantiki na kusafiri kuelekea Amerika ya Kusini kwa miaka.

Kwa nini halitawanyiki? Maji ya moto yanachukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo katikati ya duara uso wa bahari umeinuka kidogo, kama kilima chenye urefu wa makumi ya sentimita. Kilima cha maji hakiwezi kusimama. Maji yanataka kuteremka kwenda nje. Lakini yanapoanza kuteremka, msukumo wa Coriolis unayapindisha upande, kushoto kwa kuwa ni kusini mwa ikweta. Yanapinda mpaka yanabaki yakikizunguka kilima badala ya kushuka. Mteremko unayasukuma nje, Coriolis anayasukuma ndani, na hakuna anayemshinda mwenzake. Katika nusu ya kusini, kilima cha namna hiyo kinazunguka kinyume cha mshale wa saa. Katika nusu ya kaskazini kinafuata mshale wa saa. Pakiwa na shimo badala ya kilima, kila kitu kinageuka.

Pwani ya kaskazini ya Somalia kuna jingine, ambalo wataalamu wanaliita Duara Kuu. Linatokea kila mwaka wakati wa pepo za kusi, zile zinazovuma kutoka kusini-magharibi katikati ya mwaka. Lina upana wa kilomita mamia, linafuata mshale wa saa, na laweza kuendelea kuzunguka hata baada ya pepo zilizolizaa kutulia.

Tangu miaka ya 1990, setilaiti zinapima urefu wa uso wa bahari kutoka angani, na zimeonyesha kwamba maduara kama hayo yamejaa bahari zote. Mengi yanasogea kuelekea magharibi, kilomita chache tu kwa siku. Yale yenye shimo katikati mara nyingi yanapandisha maji ya chini yenye chakula cha viumbe vidogo, na samaki wanafuata. Katika mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Madagaska, ndege wa baharini wanaruka mbali kwenda kula pembeni mwa maduara hayo.

Vimbunga navyo vinahitaji msukumo huo ili kuanza kuzunguka. Ndiyo sababu karibu havizaliwi kabisa ndani ya nyuzi tano za ikweta. Madagaska na Msumbiji, zilizo kusini zaidi, zinapigwa mara kwa mara. Kimbunga Idai kilichouharibu mji wa Beira katika mwezi wa tatu 2019 kilizunguka kwa kufuata mshale wa saa, kama ilivyo desturi ya kusini. Wakaaji wa Bunia, Beni au Goma wanajua mvua kubwa, upepo wa kung'oa mabati na radi, lakini vimbunga vya namna ile havizaliwi katika latitudo yao, hata kama ingekuwa na bahari.

Beseni la maji kwenye ikweta

Linabaki swali ambalo watu wa eneo letu wanaliuliza sana, kwa sababu tunaishi juu ya mstari wenyewe. Barabara ya kutoka Butembo kwenda Lubero-centre inavuka ikweta. Uganda, kwenye njia ya Masaka, kule Kayabwe, na Kenya, kule Nanyuki, watalii huonyeshwa beseni lenye tundu. Hatua chache kaskazini mwa mstari maji yanatoka yakizunguka upande mmoja. Hatua chache kusini yanazunguka upande mwingine. Juu ya mstari yanashuka wima. Watalii hufurahi na kuambiwa kuwa hiyo ndiyo nguvu ya Coriolis.

Siyo yenyewe. Karibu na ikweta msukumo huo ni karibu sifuri, na beseni linaisha kwa muda mfupi mno. Linaloamua ni namna maji yalivyomiminwa au beseni lilivyogeuzwa kabla ya kufungua tundu. Mwaka wa 1962 Ascher Shapiro, profesa wa Marekani, alitaka kujua kama inawezekana kabisa kuiona nguvu hiyo katika chombo. Alitumia beseni la duara lenye upana wa mita karibu 1.8, akayaacha maji yatulie kwa siku nzima, kisha akafungua tundu dogo katikati. Yalihitaji dakika nyingi kabla ya kuanza kuzunguka polepole, kinyume cha mshale wa saa, kama kanuni ya kaskazini inavyotaka. Miaka michache baadaye jaribio kama hilo lilifanywa Sydney, Australia, na maji yakazunguka upande wa pili. Kwa hiyo hata beseni laweza kumtii Coriolis, lakini mbali na ikweta, na kwa uvumilivu wa siku nzima.

Jina kwenye mnara

Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa Paris mwaka wa 1889, ulikuwa umeandikwa majina ya wataalamu 72 wa Ufaransa kuuzunguka. Jina la Coriolis ni moja kati yao. Wakati huo waliolichagua walimjua zaidi kama mtu wa mekanika, aliyewapa wahandisi neno la kupimia kazi. Habari ya bahari ilikuwa bado haijashikamana na jina lake.

Leo mambo yamegeuka. Wachache wanajua kwamba neno travail katika kitabu cha fizikia lilipitia mikononi mwake, au kwamba turbini za mabwawa kama yale ya Ruzizi ni ndugu za magurudumu aliyoyapigia hesabu. Lakini kila anayetabiri njia ya kimbunga, anayefuata mafuta yaliyomwagika baharini au anayetafuta mashua iliyopotea na mkondo, lazima aiweke ndani ya hesabu yake ile nguvu ya upande ya mwaka wa 1835. Akiiacha, atatafuta mahali pasipo penyewe.